Gesi ya nyuzi milioni 10 inatoaje redio? Jibu kwa fundi wa Luthuli

Swali hili limetoka kwa fundi mmoja wa redio na simu pale Luthuli Avenue, Nairobi. Nimelipunguza urefu tu, maneno ni yake:

"Mwalimu, habari ya kazi. Nimesoma kwamba kuna makundi madogo ya galaksi yamejaa gesi yenye moto wa mamilioni ya nyuzi, na hapo hapo yanatoa mawimbi ya redio. Mimi nimeshika hii kazi ya redio miaka 19. Ninachojua, kitu kikipata moto kinaua redio, hakitoi redio. Sasa hiyo gesi inatoaje? Mbona haichomi hizo galaksi? Na mbona wanasema makundi madogo ndiyo yenye mambo, wakati makubwa yapo? Mwisho, hii redio yangu ya mezani inaweza kushika kitu?"

Fundi, nianze na lile lililokukera, maana umekerwa kwa haki. Gesi hiyo ya moto siyo inayotoa redio. Gesi inatoa eksirei, zile zile za kupigia picha mfupa uliovunjika. Redio inatolewa na kitu kingine kinachoishi humo humo ndani ya gesi. Ni wapangaji wawili wa ploti moja. Mwandishi akibana habari zao katika aya mbili, msomaji anatoka akidhani ni mtu mmoja mwenye majina mawili.

Tumwone kwanza yule wa moto.

Galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota, haipendi kukaa peke yake. Njia Nyeupe, galaksi yetu, iko pamoja na jirani yake mkubwa Andromeda na vigalaksi vingine vingi vidogo. Kundi dogo ninalolisemea hapa ni kubwa kuliko hilo letu: galaksi kadhaa hadi makumi, na uzito wote ukijumlishwa unafika majua trilioni 10 hadi 100. Makundi makubwa hupita hapo, yakawa na galaksi mamia hata zaidi ya elfu. Sehemu kubwa ya uzito huo si nyota wala gesi; ni mata ya giza, ambayo haitoi mwanga wowote lakini inavuta. Gesi iliyokuwa imetapakaa angani ikavutwa, ikaanguka kuelekea katikati, ikapata kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, ikagongana na gesi iliyotangulia. Kasi ikigongana hugeuka joto. Gusa bati lililotoka kugongwa nyundo Kamukunji utanielewa. Kwa gesi ya kundi dogo joto hilo hufika nyuzi milioni 10 hivi, jambo ambalo linakaribia joto la kiini cha Jua.

Mbona basi haichomi galaksi? Kwa sababu joto ni jambo moja, na wingi wa joto ni jambo jingine. Ukipita hapo hapo Kamukunji utamwona kijana anakata chuma kwa grinda, cheche zinamrukia mkononi na wala hashtuki. Kila cheche inapita nyuzi 1,000. Sasa mmwagie mkono huo huo chai ya nyuzi 90 uone. Cheche ni ya moto sana lakini ni punje. Chai ni ya moto kidogo lakini ni kikombe kizima.

Gesi ya kundi ni nyembamba kupita hata cheche. Ukitoka kidogo katikati, mita moja ya ujazo ina chembe 1,000 tu, kukadiria. Chukua mtungi wa maji wa lita 20, uufungue huko, uufunge: umeteka chembe 20. Mtungi huo huo ukiwa mtupu dukani kwako umejaa molekuli za hewa ambazo hesabu yake ni 4 ikifuatwa na sufuri 23. Kwa hiyo kila chembe huko inakimbia kwa kasi ya kutisha, ila hazifiki za kutosha kuchoma kitu. Nyota haina habari nayo kabisa. Lakini usiidharau: eneo ni kubwa mno, na ukiipima gesi yote ya kundi dogo moja unapata uzito wa majua trilioni na zaidi.

Eksirei zake hutoka hivi. Elektroni ikipita karibu na protoni hupindishwa njia, na elektroni yoyote inayobadilisha mwendo hutoa nishati. Kwa kasi ambayo elektroni zinayo katika joto hilo, nishati inatoka kama eksirei. Hewa yetu inazizuia zisifike chini, na ni bahati yetu, lakini maana yake ni kwamba bila kupanda juu ya hewa huwezi kuona lolote.

Na hapa, fundi, hadithi inaingia kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, mali ya Waitalia, lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani ya kupima eksirei, ya kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo tu, na kwa ajili ya siku ile ikapewa jina Uhuru. Kiongozi wa kazi hiyo ya eksirei, Riccardo Giacconi, alikuja kupata Nobeli mwaka 2002. Uhuru ilipoelekezwa kwenye makundi makubwa ya Virgo, Coma na Perseus, ilikuta eksirei hazitoki kwenye nukta moja. Zilikuwa zimetanda katikati ya galaksi, mahali ambapo picha za kawaida zinaonyesha giza tupu.

Swali lako likawa ndilo swali la wataalamu wenyewe. Wakati huo tayari ilijulikana, tangu 1959, kwamba kundi la Coma lina wingu la redio lililotanda. Redio ile ilionyesha kuna elektroni zinazokimbia karibu na kasi ya nuru. Baadhi ya wataalamu wakasema: elektroni hizo hizo zikigonga mwanga hafifu uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu zinaweza kuusukuma hadi uwe eksirei. Yaani mpangaji ni mmoja, na hakuna gesi ya moto. Wengine wakasema ni gesi. Hoja zote mbili zilisimama vizuri kwenye karatasi.

Kilichoamua ni chuma. Mwaka 1976 setilaiti ya Uingereza iitwayo Ariel 5 ilikuta ndani ya eksirei za Perseus alama ya chuma, nishati ile maalumu ambayo chuma pekee hutoa kikiwa kimevuliwa karibu elektroni zake zote. Elektroni zinazokimbia hovyo haziwezi kuandika saini hiyo; lazima pawe na gesi, tena ya makumi ya mamilioni ya nyuzi. Chuma chenyewe kilipikwa ndani ya nyota na kutawanywa zilipolipuka. Na Ariel 5 ilirushwa kutoka wapi? San Marco hiyo hiyo, tarehe 15 Oktoba 1974. Wanafunzi wangu wengi hulisikia jambo hili darasani kwangu kwa mara ya kwanza, na wengine walizaliwa Malindi.

Sasa mpangaji wa pili, ambaye wewe unamjua kuliko mimi. Antena ya kurushia inatoa wimbi kwa sababu elektroni zinasukumwa kwenda na kurudi ndani ya chuma. Huko angani hakuna waya. Kuna uga wa sumaku, dhaifu mara laki kadhaa kuliko huu unaozungusha dira ya simu yako, lakini umeenea eneo pana. Elektroni yenye kasi karibu na ya nuru ikiingia humo haiendi moja kwa moja. Inajisokota kama uzi wa springi, na katika kujisokota inatoa wimbi la redio. Wataalamu huiita sinkrotroni. Haichagui stesheni. Inatapakaa kwenye masafa mengi kwa pamoja, na ukiigeuza sauti utasikia "shhh" tu, kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili.

Elektroni hizo zimetoka wapi? Katika kundi dogo, mara nyingi zimetoka kwenye shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauponyoki, lililo katikati ya galaksi kubwa ya kundi. Gesi ikiangukia shimo jeusi si yote inayomezwa. Sehemu ya nishati inarushwa nje kwa mikondo miwili inayotazamana mgongo, na mikondo hiyo ikifika mbali kidogo inavimba kuwa viputo. Ndani ya kiputo mna elektroni za kasi na uga wa sumaku. Nje yake ipo gesi ya moto inayokibana.

Simama asubuhi kwenye kibanda cha uji wa wimbi, uangalie sufuria. Uji mzito ukichemka, kiputo kinajitunga chini, kinapanda kwa kuwa ni chepesi kuliko uji, kinausukuma uji pembeni, kinafika juu kikapasuka na kumrukia aliye karibu. Ndivyo vinavyofanya viputo vya shimo jeusi ndani ya gesi. Ukipiga picha ya eksirei unaona mashimo, kwa sababu pale gesi imesukumwa. Ukipiga ya redio, yale mashimo ndiyo yanayong'aa. Weka picha moja juu ya nyingine na zinaingiana kama kifuniko na sufuria. Kwangu mimi hakuna ushahidi mwingine unaoonyesha vizuri hivyo kwamba hawa ni wawili tofauti, na kwamba wanasukumana.

Galaksi ya NGC 5813, iliyo katikati ya kundi dogo, ni mfano ninaoupenda. Darubini ya eksirei ya Chandra, iliyorushwa 1999, imeonyesha humo jozi tatu za viputo katika mstari mmoja: jozi changa karibu na katikati, ya kati mbele yake, na kuukuu iliyokwisha kupanda mbali. Shimo jeusi limepiga mara tatu, kwa vipindi vya makumi ya mamilioni ya miaka, na kila pigo limeacha wimbi la mshtuko linalopasha gesi. Bila hivyo gesi ya katikati, ambayo ni nzito na kwa hiyo hutoa eksirei nyingi, ingepoa haraka na kugeuka nyota mpya kwa wingi ambao hatuuoni. Wewe umefungua pasi ngapi? Ni thamostati. Gesi ikipoa inaangukia shimo jeusi, shimo linawaka, viputo vinapasha gesi, gesi inaacha kuanguka, shimo linalala. Kisha tena.

Na sasa naweza kukujibu kuhusu udogo. Shimo jeusi la kundi dogo halina lazima liwe dhaifu kuliko la kundi kubwa. Mengine yanalingana kabisa. Kilicho tofauti ni sufuria. Katika kundi kubwa mvutano ni mkubwa, sufuria ni ya kupikia harusi, na kiputo kikipanda uji unatikisika tu. Katika kundi dogo sufuria ni ya chai ya watu wawili, tena ina ukingo mfupi. Kiputo kile kile kinamwaga. Nishati ambayo shimo jeusi limetoa maisha yake yote inakaribia ile inayohitajika kuitoa gesi nje ya mvutano wa kundi, na kweli tukipima tunakuta makundi madogo yamepungukiwa na gesi kuliko makubwa kwa kulinganisha na uzito wao. Makubwa yametunza karibu fungu lao lote. Madogo yamemwaga. Na kwa kuwa galaksi nyingi zaidi huishi katika makundi madogo, anayetaka kujua gesi ya ulimwengu ilienda wapi hana budi kuanzia huku kwa wadogo.

Redio ile iliyotanda kama ya Coma, isiyotoka kwenye kiputo cha mtu, ni habari nyingine. Hiyo huja makundi mawili makubwa yanapogongana na gesi ikavurugika. Madogo yakigongana nishati ni kidogo, kwa hiyo hatuioni sana huko.

Lakini kuna kijikundi kimoja kinachoharibu utaratibu wangu wote mzuri: Kundi la Galaksi Tano la Stephan, lililogunduliwa Marseille mwaka 1877. Huenda umeliona kwenye picha za darubini ya Webb za Julai 2022. Ukihesabu galaksi ni tano, ila moja ni mpita njia aliye karibu nasi zaidi, miaka ya nuru milioni 40, wakati nne ziko milioni 290. Moja ya hizo nne inaingia katikati ya wenzake kwa kasi ya kilomita 900 hivi kwa sekunde. Hiyo inapita kasi ya sauti ndani ya gesi ya huko, na kilichotokea ni kama ndege ya jeshi ikipasua sauti juu ya mtaa. Pamejitokeza ukuta mrefu wa mshtuko, na ukuta huo unatoa eksirei na redio mahali pamoja. Pale mshtuko umepasha gesi na papo hapo ukazipa elektroni kasi. Kwa hiyo ukisoma kwamba redio na gesi ya moto vimeonekana mahali pamoja, uliza kwanza: ni kiputo, au ni mshtuko?

Hata ile hoja iliyoshindwa mwaka 1976 haikutupwa. Mwaka 1995 eksirei za aina hiyo, za elektroni kugonga mwanga wa zamani, zilionekana ndani ya viputo vya galaksi iitwayo Fornax A. Walikosea mahali tu.

Kuna jambo moja la viputo vikuukuu ambalo fundi wa spika hahitaji kuelezwa mara mbili. Spika ikiteswa, twita huungua kwanza, besi ikabaki inanguruma. Elektroni za kasi zaidi ndizo zinazotoa masafa ya juu, na ndizo zinazoishiwa nishati mapema. Baada ya miaka milioni 100 hivi kiputo hakionekani tena kwenye masafa ya juu, lakini chini bado kinanguruma. Ndiyo maana darubini ya redio ya LOFAR, yenye makao Uholanzi na antena katika nchi kadhaa za Ulaya, imefufua maiti wengi. Mwaka 2021 ilionyesha kundi dogo lijulikanalo kama Nest200047, na humo viputo vya vizazi kadhaa vikiwa vimefuatana, vile vikongwe vikiwa vimechanika na kuwa nyuzi ndefu. Uga wa sumaku unaonekana kuvizuia visichanganyike na gesi hata baada ya muda wote huo. Uji wangu wa wimbi hauna sumaku, na hapo mfano wangu unaishia.

Redio yako ya mezani? Hapana, na si kosa lake. LOFAR yenyewe inasikiliza megahezi 10 hadi 240, lakini imeruka kipande cha FM makusudi, maana stesheni zinaizima kabisa. MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini, yenye dishi 64 za upana wa mita 13.5, inasikiliza kuanzia megahezi 580 hivi kwenda juu, na hapo katikati ziko megahezi 900 za simu. Ndiyo sababu imepelekwa Karoo, nyikani, mbali na watu. Upate kipimo: ile mulika mwizi yenye kitufe ukiiweka Mwezini ikapiga simu, kwenye masafa yake ingeshindana na Fornax A, ambayo ni miongoni mwa vyanzo vya redio vyenye nguvu zaidi angani. Sasa fikiria minara yote iliyo kati yako na mtaa wa River Road.

Ila ukitaka kujua pa kuangalia, nitakuelekeza. Usiku wa Jamhuri, saa tano, kama mawingu ya vuli yameondoka, toka nje ya mji, hata Kiserian kwenda mbele. Tafuta Kilimia, saa hiyo kitakuwa juu, upande wa kaskazini. Kipe mgongo. Upande wa kusini, juu zaidi ya nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini, pana kipande cha anga kisicho na nyota yoyote ya maana. Hapo ndipo lilipo kundi dogo la Fornax, umbali wa miaka ya nuru milioni 60 na kitu, na pembeni yake Fornax A. Macho yangekuwa yanaona redio, viputo vyake viwili kwa pamoja vingeonekana vipana kuliko Mwezi mpevu. Kwa darubini ndogo ya inchi 4 utaona galaksi yenyewe tu, doa la ukungu. Simu uizime.